Kukadiria gharama ya kutengeneza hedi mbili za 300ZX (Z32): gereji tatu, bei tatu, nianzie wapi?

mpenzi_wa_Z

Wakuu salaam. Nina Nissan 300ZX kizazi cha Z32, injini VG30DE isiyo na turubo, V6 ya lita 3.0. Gari ni la zamani lakini bodi halina kutu na gia zinaingia vizuri, kwa hiyo sina mpango wa kuliuza. Juzi paipu moja ya maji iliyoko chini ya manifoldi ya hewa ilipasuka, geji ya joto ikapanda, nikazima injini palepale. Paipu imeshabadilishwa. Tangu hapo maji ya rejeta yanapungua na sioni yanapovujia. Nikiwasha asubuhi injini inatetemeka kwa muda mfupi, halafu inatulia kama haijawahi kuumwa.

Nimeambiwa ni hedi (kile kipande cha juu ya silinda chenye valvu), nikaomba makadirio gereji tatu. Ya kwanza imetaja namba moja bila maelezo. Ya pili imetaja karibu mara mbili yake. Ya tatu imefika karibu mara tatu, wakasema hapo ni "kila kitu". Hakuna hata moja iliyoweka geji kwenye injini. Sitafuti bei ya chini, nataka kujua ninalipia nini. Bei za spea na za fundi zinatofautiana kila mahali, kwa hiyo naombeni mnipe hesabu yenyewe inavyopangwa, namba nitaziweka mwenyewe.

mshikaspana

Pole mkuu, na kuzima injini mapema kumekusaidia kuliko unavyodhani.

Hizo bei tatu zote zinaweza kuwa za haki. Ya kwanza inaelekea ni kufungua, kubadilisha gasketi za hedi na kufunga. Ya pili ni hiyo hiyo pamoja na kuchonga uso wa hedi na kuweka sili mpya za valvu. Ya tatu ni kujenga upya: bushi za valvu (mirija inayoongoza valvu), siti (zinapokalia valvu), valvu zilizochoka, tapeti (zinazosukuma valvu), pengine na mkanda wa taimingi na vyote vilivyoko njiani. Huwezi kulinganisha bei mpaka kila gereji iandike kazi yake mstari kwa mstari.

Sasa hesabu. Pesa ya hedi inakwenda sehemu tatu: saa za fundi za kufungua na kufunga, karakana ya kuchonga, na spea. Kwenye gari lako sehemu ya kwanza ndiyo nzito. Boneti la Z32 limebana sana. Kabla fundi hajaigusa bolti ya kwanza ya hedi, ameshamwaga maji, ametoa feni na rejeta, manifoldi ya juu ya hewa, paipu za maji zilizojificha chini yake, nozeli za mafuta, vifuniko vya mkanda, mkanda wenyewe, gia za kamshafti nne (mihimili inayofungua valvu), na ameshapigana na nati za eksozi. Kisha yote hayo yanarudi kwa mpangilio ule ule, taimingi ikiwa sahihi, kwa sababu hii ni injini ambayo taimingi ikikosewa pistoni inakutana na valvu.

Saa hizo unazilipa zile zile, uwe unabadilisha gasketi tu au unajenga hedi nzima. Hapo ndipo bei ya kwanza, ile rahisi, inapodanganya macho. Ukifungua kwa ajili ya gasketi tu na baada ya mwaka sili za valvu zikaanza kuvuta oili, utalipa kufungua mara ya pili. Kwa hiyo ukiwa unapima nyongeza ya kazi ya hedi, usiilinganishe na bei yote. Ilinganishe na gharama ya kurudi tena mle ndani.

Sehemu ya pili inahesabiwa kwa valvu. VG30DE ina valvu 24. Bushi 24, siti 24, sili 24, tapeti za haidroliki 24. Mtu akikutajia bei ya kitu kimoja, zidisha kwa 24 kabla hujafurahi. Aliye na Z31 (300ZX ya kizazi kilichotangulia) yenye VG30E ana valvu 12 tu na kamshafti mbili, ingawa ujazo wa injini ni ule ule wa sentimita za ujazo 2,960. Aliye na Porsche 944 ya kawaida ana hedi moja na valvu 8. Ndiyo maana ukisoma mtu kasema "hedi zangu zilinigharimu kiasi fulani", uliza kwanza ana valvu ngapi na hedi ngapi.

Lakini usikadirie chochote kabla hujapima. Fanya hivi: pasha injini moto, toa plagi zote sita, zuia mafuta na moto wa plagi, shikilia throtli wazi kabisa, pima kompresheni (shinikizo la hewa) ya kila silinda. Silinda yenye namba ndogo kuliko zote isipungue asilimia 75 ya yenye namba kubwa. Ukipata iliyoshuka, tia oili kijiko kimoja ndani yake upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Leta namba hapa.

silinda12

Naongeza moja ambayo watu wa V6 wanaisahau. Kwenye Jaguar V12 hedi za aluminiamu zimekaa kwenye stadi ndefu za chuma (bolti zisizo na kichwa), na miaka ya maji yasiyo na kizuia kutu hujaza unga mgumu kati ya stadi na tundu lake. Nati zote zimetoka, hedi haisogei. Nimeona kazi ambayo saa za kuing'oa hedi zilizidi saa za kuijenga. Kwa hiyo kwenye makadirio weka mstari unaosema "hedi kugoma kutoka" na "stadi za eksozi kukatika". Gari la umri huu, stadi za manifoldi ya eksozi zimepashwa moto na kupoa maelfu ya mara, na zitakatika baadhi. Moja iliyokatikia ndani ya hedi ni kazi ya kuchimba kwa uangalifu, na karakana inatoza kwa kila moja.

mpenzi_wa_Z

Asanteni sana wakuu. Nimepima leo, injini ya moto. Upande wa kulia: silinda ya 1 bar 12.4, ya 3 bar 12.2, ya 5 bar 12.3. Upande wa kushoto: ya 2 bar 12.3, ya 4 bar 9.1, ya 6 bar 8.9. Nilitia oili kwenye 4 na 6, hazikupanda hata kidogo.

mshikaspana

Hizo namba zinazungumza zenyewe. Silinda ya 6 iko kwenye asilimia 72 ya ile ya juu, na 4 na 6 zinapakana kwenye hedi moja. Silinda mbili jirani zikishuka pamoja kwa kiasi kinachokaribiana, na oili isiziinue, mshukiwa wa kwanza ni gasketi iliyoungua kwenye ule ukingo mwembamba kati yake. Valvu mbovu kwa kawaida huangusha silinda moja peke yake.

Thibitisha kwa upepo. Weka silinda ya 4 kwenye nafasi ambayo pistoni iko juu kabisa na valvu zote nne zimefunga, fungia krenki (mhimili mkuu wa injini) isizunguke, ingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi kisha sikiliza. Mlio kwenye njia ya hewa ni valvu za kuingizia. Kwenye bomba la eksozi ni valvu za kutolea. Kwenye mdomo wa oili ni ringi. Hewa ikitokea kwenye tundu la plagi ya silinda ya 6, umeshapata jibu. Fungua na kifuniko cha rejeta uangalie mapovu, injini ikiwa imepoa.

mpenzi_wa_Z

Hewa inatoka kwenye tundu la 6, na mapovu yapo kwenye rejeta, madogo madogo lakini hayakomi. Kwenye mdomo wa oili kuna mvumo mdogo sana, sawa na ule wa silinda ya 1 nilipoijaribu kulinganisha. Ringi ziko sawa basi?

mshikaspana

Ringi ziko sawa kwa umri wake. Mvumo mdogo kwenye mdomo wa oili upo kwenye injini yoyote iliyotembea. Umejiokolea mstari mkubwa wa makadirio hapo, maana sasa unajua chini ya injini hakuhitaji kufunguliwa.

mkoba_wa_zana

Kama tatizo liko kushoto tu, kwa nini watu wanazungumzia hedi mbili? Fungua kushoto, chonga, funga. Upande wa kulia una bar 12 na zaidi, uache. Mafundi wanapenda kufungua kila kitu kwa sababu saa ni zao, pesa ni yako.

mchongavyuma

Mimi nafanya kazi ya kuchonga, hedi napokea kila siku, naomba nichangie kwa urefu kidogo kwa sababu hapa ndipo makadirio mengi yanapoharibika.

Bloku la VG (mwili wa injini wenye silinda) ni chuma cha kutupwa, hedi ni aluminiamu. Aluminiamu ikipata moto hurefuka karibu mara mbili ya chuma. Chukua milimita 400 za hedi, zipandishe nyuzi joto 80: aluminiamu inarefuka kama milimita 0.7, chuma kilicho chini yake hakifiki 0.4. Tofauti hiyo gasketi inaibeba kila unapowasha na kuzima. Joto likizidi, hedi inataka kurefuka lakini bolti zimeishikilia, inajikunja katikati kama upinde. Ikipoa inabaki hivyo.

Hedi inapofika mezani kwangu, naianza kwa vipimo vinavyoweza kuikataa, kabla sijagusa valvu hata moja. Naosha, naweka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso, kwa urefu, kwa upana, na kwenye pembe mbili, kisha napitisha fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia pengo) chini yake. Kikomo kinachoandikwa kwa hedi nyingi za aina hii ni milimita 0.1. Pili nyufa: aluminiamu haishikwi na sumaku, kwa hiyo natumia rangi ya kupenya, na baada yake naziba njia za maji, naingiza hewa, nazamisha hedi kwenye maji ya moto. Ufa mwingine unajifunga ukiwa baridi, ukipashwa ndipo unatoa povu. Tatu ugumu wa chuma chenyewe. Hedi iliyochemka sana inalainika, na hedi laini haishiki bolti hata uichonge vizuri namna gani. Nne, na hili wengi hawalifanyi, naweka kamshafti mahali pake pa kukalia bila valvu wala tapeti, nafunga vifuniko vyake kwa nguvu iliyoandikwa, naizungusha kwa vidole. Kama inagoma, hedi imepinda mpaka juu. Ukichonga uso wa chini peke yake, chini patanyooka lakini mstari wa kamshafti utabaki umepinda, na kamshafti italika au kukatika. Hedi ya namna hiyo inanyooshwa kwanza kwa moto na mashinikizo, ndipo inachongwa.

Vipimo hivyo vinne ni sehemu ndogo ya bili. Wewe mwenye gari hakikisha kwenye makadirio vimewekwa peke yake, mbele, na baada yake kuwe na mahali pa kusimama: karakana inakupigia simu, inakupa namba, unaamua kuendelea au kutafuta hedi nyingine. Usikubali makadirio ya mkupuo yanayounganisha vipimo na ujenzi. Ukishalipia bushi 24 kwenye hedi yenye ufa kati ya siti mbili, hiyo pesa hairudi.

Sasa namjibu mkoba_wa_zana. Hoja yake ina mantiki, lakini angalia saa zinagawanyika vipi. Rejeta, manifoldi ya hewa, vifuniko, mkanda, maji: vyote hivyo ni vya pande zote mbili na vinatoka hata ukifungua hedi moja. Kinachoongezeka kwa hedi ya kulia ni kamshafti mbili, eksozi ya upande huo, bolti zake na kusafisha. Nyongeza ipo na mimi sitasema ni ndogo, lakini haifikii mara mbili. Gasketi ya kulia ina umri ule ule na imepita kwenye joto lile lile.

mkoba_wa_zana

Nimekuelewa mkuu, ila bado nasimama kwamba mwenye pesa ya hedi moja asiambiwe gari lake halitengenezeki. Upande wa kulia unaweza kupimwa kwa upepo bila kufunguliwa. Ukiwa mzima, afunge kushoto aendeshe.

mshikaspana

Mkuu hapo upo sahihi, haikatazwi. Mimi ningeangalia kitu kimoja tu: kama hedi ya kushoto itachongwa kiasi kikubwa. Ukipunguza upande mmoja, kompresheni inapanda upande huo peke yake, kamshafti zinasogea karibu na krenki na taimingi inasogea nazo kidogo, na manifoldi ya hewa inayokaa katikati ya pande mbili inaanza kukaa upande. Kwa sehemu ya kumi ya milimita hutaiona. Ikizidi hapo, bora pande zote zichongwe sawa.

Na wala kompresheni isikutishe. Silinda yako ina kipenyo cha milimita 87 na mwendo wa 83, yaani sentimita za ujazo 493 na kidogo. Kwa uwiano wa kompresheni wa 10.5 nafasi inayobaki juu ya pistoni ni kama 52. Ukitoa milimita 0.15, hata ukichukulia chemba ya mwako ina upana wote wa silinda, unapunguza chini ya sentimita moja ya ujazo. Uwiano unafika kama 10.7. Injini itaishi, alimradi unatumia petroli ya okteni inayotakiwa.

Mpenzi_wa_Z, sasa nakuandikia makadirio kama ninavyomwandikia mteja. Bei ya saa moja ya fundi iite S. Mstari wa kwanza: saa za kufungua mpaka hedi zitoke, mara S. Usikubali "tutaona", idai gereji ikusomee saa zilizoandikwa kwenye kitabu cha kazi cha gari hilo, kisha uulize kama wamewahi kufanya Z32, kwa sababu fundi wa mara ya kwanza anazidisha. Mstari wa pili: vipimo vinne vya karakana, mara hedi mbili. Hapo chora mstari mnene. Hayo ndiyo makadirio pekee unayoweza kupewa kwa uhakika leo, na ukiamua kuacha hapo ndicho unachodaiwa.

Chini ya mstari: kuchonga uso mara 2. Kukata siti na kusaga valvu, bei ya valvu moja mara 24, siti zikatwe kwa pembe tatu, nyuzi 45 ndipo valvu inapokalia. Sili za valvu 24, hizi usizijadili, ni mpya zote. Bushi usiandike 24. Andika "kwa kila itakayozidi kikomo", maana za kutolea moshi huchoka mapema, zinakaa kwenye joto kali na oili kidogo, na za kuingizia mara nyingi bado nzima. Tapeti vile vile. Valvu mpya kwa zitakazokutwa zimepinda au zimeliwa ukingoni. Aliye na injini ya turubo aulize kama valvu zake za kutolea zimejazwa sodiamu, maana hizo hazitendewi kama valvu za kawaida wala hazikatwi hovyo zikitupwa.

Kisha saa za kufunga mara S. Kisha spea: seti kamili ya gasketi za juu, bolti za hedi kama kitabu kinasema hazirudiwi, stadi na nati za eksozi, oili, filta, maji yenye kizuia kutu.

Na mstari wa vitu vya njiani. Hapa simama imara, kwa sababu hapa ndipo bei ya "kila kitu" inaponenepa. Mkanda wa taimingi, tenshena na puli zake: ndiyo, umeshavitoa. Pampu ya maji: ndiyo, iko nyuma ya vifuniko hivyo hivyo. Paipu zote za maji zilizo chini ya manifoldi: ndiyo bila mjadala, moja imeshakuletea haya yote na nyingine zina umri wake. Sensa ya noki (inayosikiliza injini ikigonga) iliyo kwenye bonde kati ya hedi mbili: ipimwe, maana siku nyingine kuifikia ni kufungua manifoldi upya. Oili sili za mbele za kamshafti na krenki: ndiyo. Nozeli: zipimwe mtiririko, zisibadilishwe kwa hisia. Klachi, mauntingi na mengineyo: hapana, hayahusiani na kazi hii hata kama gari limelala.

Mwisho akiba. Kwa injini iliyopimwa kama yako mimi naweka asilimia 20 ya jumla. Isiyopimwa naweka 40, na hata hiyo naitoa kwa wasiwasi.

kasi_ya_zamani

Uzi mzuri sana huu. Swali: kwa nini asinunue hedi zilizotumika, au injini nzima iliyotumika, akaweka? Saa za karakana zote zinaondoka.

mchongavyuma

Haziondoki mkuu. Hedi iliyotumika inakuja bila historia. Haujui ilichemka mara ngapi, kwa hiyo itapita kwenye vipimo vile vile vinne, na ikishapita bado ina valvu 24 zenye umri. Unalipa hedi na unalipa kazi. Inafaa pale tu hedi yako imekataliwa kwa ufa au ulaini. Injini nzima ni hesabu nyingine: saa za kuitoa na kuiweka, pamoja na kompresheni ya kila silinda kabla hujalipa, na bado mkanda, pampu na paipu utabadilisha kabla haijaingia kwenye gari. Ukizijumlisha hizo unakuta tofauti si kubwa kama ilivyoonekana dukani.

Na kuna kosa moja naomba kila mtu alikatae kwenye gereji yake: kusugua uso wa hedi kwa diski ya msasa inayozungushwa na grenda ili kutoa mabaki ya gasketi. Aluminiamu ni laini, diski inachimba mabonde usiyoyaona kwa macho, na unga wake mgumu unaingia kwenye njia za oili na kula beringi za krenki. Gasketi za kisasa za chuma cha matabaka zinataka uso laini zaidi kuliko zile za zamani. Kama unanunua za namna hiyo, mwambie mchongaji kabla hajawasha mashine.

mpenzi_wa_Z

Wakuu, narudi na majibu. Nilirudi kwenye zile gereji tatu na karatasi iliyopangwa kama alivyoandika mshikaspana. Moja ilikataa kuijaza. Mbili zilijaza, na ajabu, kazi zilipofanana zile bei zikakaribiana. Nikachagua iliyokuwa imeshafungua Z32 kabla, ingawa haikuwa ya chini.

Hedi zote mbili zilitoka bila kugoma. Gasketi ya kushoto kati ya silinda ya 4 na 6 imeungua kabisa, ule ukingo umekuwa mweusi na mwembamba, unaona mwanga upande wa pili. Karakana imenipigia: kushoto imepinda milimita 0.14, kulia 0.05. Hakuna nyufa, ugumu uko sawa, kamshafti zote nne zinazunguka kwa vidole. Uso wa bloku 0.03. Bushi zilizozidi ni sita, zote za kutolea moshi. Stadi mbili za eksozi zimekatika upande wa kulia. Kitabu cha gari kinasema jumla ya kitakachotolewa kwenye hedi na bloku isizidi milimita 0.2. Nimefika kwenye ule mstari mnene, naombeni ushauri kabla sijasema ndiyo.

mchongavyuma

Sema ndiyo. Kulia yenyewe ingepona bila kuchongwa, lakini toa 0.15 pande zote zilingane, bloku usiliguse kabisa, uko ndani ya kikomo. Bushi sita badilisha, siti zake zikatwe baada ya bushi mpya kuingia, si kabla, kwa sababu kifaa cha kukatia kinaongozwa na tundu la bushi. Waombe wafanye kipimo cha kuvuta hewa kwenye kila tundu baada ya kufunga valvu, kuona kama zinaziba, na wakuandikie namba. Ni dakika chache, na karakana inayojiamini haikatai.

mkoba_wa_zana

Na waandike pia kila hedi imebaki na unene gani. Anayekuja baada yako kulifungua gari hili atahitaji kujua kama bado kuna cha kuchonga.

mpenzi_wa_Z

Nimesema ndiyo kwa maneno hayo hayo. Unene nitaubandika ndani ya kitabu cha huduma cha gari.

Injini imewashwa. Kompresheni iko kati ya bar 12.5 na 12.8 silinda zote sita, mtetemo wa asubuhi umekwisha. Kuhusu pesa: saa za fundi zilikuwa kama zilivyoandikwa, karakana ilizidi kwa zile bushi sita na stadi mbili, spea zikazidi kidogo kwa sababu sensa ya noki ilikutwa mbovu. Vyote vimemezwa na akiba ya asilimia 20, ikabaki robo hivi. Sehemu kubwa kuliko zote kwenye bili, kama mlivyosema, ni kufungua na kufunga.

Swali la mwisho: nianze kuliendesha kawaida au kuna cha kuangalia?

mshikaspana

Hongera mkuu. Maji yalikuwa yanaingia kwenye silinda, kwa hiyo oili ya sasa ichukulie kama ya kusafishia: badilisha pamoja na filta mapema kabisa, usisubiri kilomita za kawaida. Kila asubuhi kwa wiki ya kwanza, injini ikiwa baridi, angalia kimo cha maji, maana hewa iliyobaki kwenye njia za maji hutoka taratibu na kimo kinashuka bila kuwa na tatizo. Kikiendelea kushuka baada ya hapo, rudi na geji ya shinikizo kwenye rejeta. Tapeti zikigonga ukiwasha mara za mwanzo, ziache zijae oili, usikanyage mafuta. Bolti za hedi usizikaze upya isipokuwa mtengenezaji wa gasketi uliyonunua ameandika hivyo.